Naomba ushauri: mishipa ya miguu ya mama, na joto hili la Mombasa

Assalaam aleikum jamani. Mama anauza mahamri na viazi karai huku Majengo, kuanzia alfajiri yuko wima mbele ya karai. Sasa mishipa ya mashavu ya miguu imetuna na kujisokota kama kamba, na jioni vifundo vinavimba mpaka kandambili zinaacha alama. Akilala miguu ikiwa juu ya mto, asubuhi uvimbe umepungua.

Daktari alitueleza vizuri. Ateri, yaani mishipa inayosambaza damu mwilini, zina kuta nene zenye misuli, maana damu hutoka moyoni kwa kishindo. Vena, yaani mishipa ya kurudisha damu moyoni kama hiyo ya mama, kuta zake ni nyembamba, presha ni ndogo, na za miguuni zina vali za kuzuia damu isirudi chini. Misuli ya miguu unapotembea ndiyo huisukuma juu. Ukisimama palepale damu hutuama, mshipa hutanuka, vali hazifungi sawasawa. Akamwandikia soksi za kubana.

Hapo ndipo penye kazi. Soksi hadi gotini, kaskazi hii, na moto wa karai juu yake! Kazivua, kazitupa uvunguni. Shangazi naye kashikilia apigwe chuku, yaani achanjwe na kunyonywa damu kwa pembe, palepale penye mishipa. Mimi sitaki kusikia. Ukuta mwembamba vile ukichanjwa, damu itakatika saa ngapi?

Mliovaa soksi hizi huku pwani, mnastahimili vipi? Kuna za kitambaa chepesi? Na aliyefungwa mishipa hiyo kwa leza, alirudi kazi ya kusimama baada ya muda gani? Mama hana sukari, presha iko sawa.