Naomba ushauri: niwaonyeshe vijana wangu wa ndondi filamu ya Jake LaMotta?

Kocha_Ndosho (Goma):
Jambo yenu, bandugu. Nafundisha ndondi vijana 14 hapa Ndosho, wa miaka 12 hadi 19. Kiwanja chetu ni mawe meusi ya volkano tuliyoyasawazisha kwa majembe, na glovu ni jozi nne kwa wote.

Wiki iliyopita dada ya kijana mmoja alikuja mazoezini jicho limefumba. Hakulia. Aliniuliza tu: "Kocha, ile ngumi ya kuume unamfundisha ampige nani?" Usiku ule sikupata usingizi.

Sasa nataka kuwaonyesha Raging Bull ya 1980, ile isiyo na rangi, Robert De Niro akiigiza LaMotta. LaMotta ni bondia Mmarekani aliyeishi kweli: alimshinda bondia mwenzake hodari Sugar Ray Robinson 1943, akachukua ubingwa wa dunia wa uzito wa kati 1949. Ndani ya filamu, akirudi nyumbani anampiga mke, tena anampiga ndugu yake wa tumbo moja mbele ya watoto. Naogopa watashangilia. Tena ni Kiingereza na matusi tele. Wazazi watanielewa?

MwanaBirere:
Kocha, acha. Nimeendesha kibanda cha video miaka sita. Vijana wakijazana gizani, ngumi yoyote ni shangwe, iwe ulingoni, iwe sebuleni. Nimewasikia kwa masikio yangu wakimshangilia mume anayepiga. Waonyeshe Ali na Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Ni nchini kwetu, na ile raundi ya 8 inafundisha akili na subira.

Mama_Katindo:
MwanaBirere, Ali atawafundisha kushinda. Yule binti hakuuliza habari za kushinda.
Kocha, onyesha, lakini si gizani. Fungua madirisha. Pale mke anapopigwa, simamisha, nyamaza kidogo, kisha uliza nani ameyaona hayo kwao. Lakini kwanza nenda kwa msichana. Anaonekana na daktari? Usiku analala wapi? Filamu itangoja.

Yaya_wa_Bukavu:
Nimepigana miaka tisa. Mimi damu inayodondoka kwenye kamba haikunitisha. Kilichonivunja ni pale LaMotta anapouza pambano la 1947, yaani anakubali makusudi kushindwa na Billy Fox, halafu analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kama mtoto mchanga. Na baadaye, tumbo limemjaa (De Niro alinenepa kilo kama 27 kwa sehemu hiyo), yuko jela peke yake, anapiga ukuta kwa ngumi na kichwa. Amewamaliza wote, amebaki na ukuta. Hapo hata kijana mkorofi ananyamaza.
Lugha isikusumbue: simama kando uwaelezee kwa Kiswahili, matusi uyaruke. Wa chini ya miaka 16 wasiingie.

Kocha_Ndosho:
Mama, aksanti sana. Jana nilienda. Binti amehamia kwa shangazi yake Himbi, amepita kwa daktari, jicho limeanza kufunguka. Kaka yake nimemvua glovu mpaka aombe msamaha mbele ya wazee wa familia. Alikubali kwa kichwa tu, macho chini.

Filamu ni Jumamosi saa nane mchana, madirisha wazi, wakubwa tisa tu. Wazazi wao nitawapitia mmoja mmoja kabla. Jirani ametoa jenereta na lita tano za mafuta.

Yaya, kama unaweza kuvuka ziwa, panda boti Ijumaa, utalala kwangu. Ile ya chumbani uwaelezee wewe.