UZI: Dawa za nyumbani hapa Lamu, tupeane uzoefu (na vipimo vyake)

Binti Langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wadau, na hamjambo nyote.

Kila mara natumiwa ujumbe uleule kwenye simu: chemsha majani ya mti fulani, kunywa asubuhi na jioni, presha kwaheri, sukari kwaheri, uzazi utafunguka. Majani kiasi gani hausemi. Maji kiasi gani hausemi. Kwa mjamzito, kwa mtoto, kwa mzee mwenye figo, kimya. Bibi zetu hawakuwa hivyo jamani. Bibi yangu mimi hata tangawizi ya mafua ilikuwa na masharti: iponde, usiikate, ichemke peke yake mpaka maji yageuke rangi, ndipo utie kahawa. Na mwenye vidonda vya tumbo hapewi kahawa kabisa.

Kwa hivyo uzi huu ni wa waliofanya, sio waliosikia. Ulitumia nini, ulitengenezaje, nani alikufunza, na mambo yaliishaje. Anayekuja na "inatibu magonjwa arubaini" apite mlango wa nyuma.

Naanza na jepesi, mswaki wa mti. Nyumbani kwetu hatukuuacha hata baada ya kununua dawa ya meno. Siri yake ni kuuloweka kwanza, kutafuna ncha mpaka nyuzi zilegee, na kuikata ile ncha ikishachakaa. Nawaona vijana wanatembea na kijiti kimoja mfukoni wiki nzima pamoja na funguo na sarafu. Hicho si mswaki tena, ni uchafu. Haya, karibuni.

Nahodha Mstaafu

Ahsante mjukuu. Mimi sina dawa za majani, nina ya bahari.

Tulikuwa kwenye nyavu upande wa Manda, maji yako magotini, kijana mmoja akakanyaga taa, yule samaki bapa. Asiyejua, mwiba wa taa uko mkiani na una meno kama msumeno. Ukiingia huingia vizuri, ukitoka hutoka na nyama. Yule kijana mato yalimtoka, mwanamume mwenye ndevu akilia hana haya. Watu wazima chomboni kila mmoja na lake: huyu alete tumbaku, yule alete mafuta ya taa, mwengine ataka kumfunga kamba pajani.

Marehemu baba alitufunza mai ya moto, basi. Jiko la mkaa la kupikia lilikuwapo, tukachemsha mai, tukayapunguza kwa ya bahari mpaka mkono wangu ukaweza kukaa ndani. Sikizani hapo: mkono wangu mimi, sio mguu wake. Mwenye maumivu yale hajui tena moto ni upi, ukimwachia apime mwenyewe utamtoa malengelenge juu ya jeraha. Tukautia mguu kwenye ndoo, yakipoa twaongeza, yakipoa twaongeza. Tulipofika ufuoni alikuwa ashaanza kuomba sigara.

Hiyo ndiyo yangu. Ila alipofika alipelekwa hospitali, akatolewa kipande cha mwiba ambacho sisi hatukukiona kabisa.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo Nahodha. Nimefurahi kukusoma, kwa sababu hii ndiyo huduma ya kwanza tunayofundishwa na sisi. Sumu ya taa ni protini na joto huiharibu. Maji ya joto la takriban nyuzi 45, sio ya kuchemka, dakika 30 hadi 90. Na kupima kwa mkono wa mtu asiyeumwa ni sahihi kabisa, mzee alijua alilolifanya. Kamba pajani hapana, tumbaku na mafuta ya taa hapana. Hospitali ni lazima kwa mambo mawili: vipande vya mwiba vilivyobaki ndani, na sindano ya pepopunda. Aliyechomwa kifuani au tumboni asikalishwe kwenye ndoo, akimbizwe.

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Baba hakujua protini, lakini alijua ndoo.

Mama Arubaini

Mie nije na la uzazi maana naona wanaume wameanza kutawala.

Nilijifungulia hospitali, nikakandwa nyumbani, na sioni ugomvi wowote baina ya hizo mbili. Mkandaji wangu ni mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Akija huwa baada ya alfajiri, nyumba bado haina makelele. Jambo la kwanza siku ya kwanza, kabla hata hajavua buibui, aliniuliza: "Umezaa mwenyewe au umekatwa?" Nikamwambia nimezaa mwenyewe. Akasema angelisikia nimekatwa asingeligusa tumbo wala nyonga mpaka daktari aseme, angenikanda miguu na mabega akaenda zake. Hapo ndipo nikamwamini.

Mafuta yake ni ya simsim. Hayaweki juu ya moto. Kibakuli cha mafuta kinakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, akichovya kidole kwanza, kisha ananipaka kidogo kifundoni aone nitasemaje. Anaanza nyayoni anapanda taratibu. Kiuno ndipo anapokaa sana. Mwisho ananifunga leso tumboni, sio ile ya kukaba pumzi wanayoisifia wengine. Kiganja chake lazima kipite baina ya leso na ngozi, kisipopita anafungua anaanza upya.

Chakula mnakijua: mchuzi wa kuku wa pilipili manga, uji wa mtama na tangawizi, vitu vya moto vitupu. Madafu marufuku kwa sababu ni baridi. Hapo kwenye baridi ndipo tulipovutana na mama mkwe. Mtu ananyonyesha, koo limekauka, unamwambia asinywe maji! Tukakubaliana maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, nikayanywa kwa raha zangu na yeye heshima yake ikabaki.

Kilichozua vita hasa ni asali. Shangazi alitaka kumlambisha mtoto asali siku ileile. Kliniki walikuwa washanikataza, nikakataa, akanuna mpaka akataka kurudi kwake Faza. Muuguzi, hebu liseme hili watu wasidhani mie ndiye mkaidi.

Muuguzi wa Zamu

Hukukosea. Asali hapewi mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata kijiko cha chai. Inaweza kubeba mbegu za kidudu ambacho tumboni mwa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumulia. Kwa mtu mzima, kijiko cha asali kwa kikohozi nakubali, na mimi hutumia.

Na nikiwa hapohapo kwa watoto: mafuta ya mwarubaini msimnyweshe mtoto kwa hali yoyote. Watoto wameshapata degedege na kupoteza fahamu kwa hayo. Na kukata kimeo, jamani. Kikohozi kisichoisha kina sababu zake, kimeo si mojawapo. Kile kisu kinaleta kutoka damu na maambukizi.

Kijana wa Mokowe

Muuguzi, kwa heshima zote, naona umekuja kupiga marufuku tu. Wazee wetu hawakuwa na presha wala sukari na hawakumeza kidonge hata kimoja. Dawa ilikuwa habbasoda, na Mtume (S.A.W.) ameisema kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti.

Muuguzi wa Zamu

Habbasoda iko kabatini kwangu ndugu yangu, na hadithi naijua. Lakini wazee kutokuwa na presha? Hakukuwa na mashine ya kuipimia. "Alianguka ghafla msalani", "upande mmoja ulikufa", "amepigwa na upepo". Tumezisikia wote hadithi hizo za mababu, na nyingi ni kiharusi. Kweli walitembea kwa miguu zaidi yetu na hawakunywa soda kila siku, hilo nakupa. Papa mkavu na achari zenye chumvi walikula vilevile.

Ninachokataza ni kitu kimoja: kuacha dawa ya kliniki kimyakimya. Unatumia habbasoda juu ya vidonge vya sukari? Niambie, ili tupime, kwa maana inaweza kuishusha sukari zaidi ukajikuta unatetemeka. Sitakugombeza.

Kijana wa Mokowe

Sawa, hapo kwenye mashine umenipata.

Mwana wa Ganda

Niwasalimu kutoka Malindi, mimi Mgiriama wa huku Ganda.

Kwetu kinga inaanzia sufuriani. Mtsunga ni mboga chungu, na mama anasema kwa uchungu wake husafisha tumbo. Hukohuko nyumbani kuna vyama viwili: wanaochemsha na kumwaga maji ya kwanza, na wanaosema ukimwaga umebaki na majani matupu. Mama ni wa chama cha pili. Tui la nazi linatiwa mwisho, zito, na sima pembeni. Mgeni akila mara ya kwanza hukunja uso, akirudi mara ya pili huuliza kama imebaki.

Jambo jengine alilonifunza babu ni kuchukua gome. Huchukui kuzunguka shina. Unatoa kipande upande mmoja, tena upande ambao haujakatwa na mwenzio, kisha unapaka udongo mbichi pale ulipotoa. Ukibandua mzunguko mzima, chakula cha mti hakishuki tena mizizini, mti unakufa umesimama. Ukipita ukingoni mwa Arabuko-Sokoke leo utaiona ile miti iliyovuliwa gome, na si kazi ya wazee. Ni kazi ya wanaojaza magunia ya kupeleka mjini.

Kuhusu mwarubaini na malaria: babu alikuwa akinywa, sisi tunapima. Homa ikishika tunakwenda zahanati, kidole kinatobolewa, ikiwa ni malaria tunapewa vidonge vya AL tunamaliza dozi.

Muuguzi wa Zamu

Na ndani ya hiyo AL kuna mitishamba, watu hawajui tu. Dawa yake moja asili yake ni mmea wa pakanga wa Uchina, na mama aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 baada ya kupitia maandishi ya kale ya tiba ya Kichina. Ila ilibidi itolewe, isafishwe na ipimwe. Chai ya pakanga haina kiwango kinachojulikana, kikombe hiki kina nyingi na kile hakina kitu, vimelea vya malaria vinaizoea dawa.

Mama Arubaini

Na dafu kwa mtoto anayeharisha? Huku kwetu ndilo la kwanza.

Muuguzi wa Zamu

Si baya likiwa bichi limetobolewa sasa hivi, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na mtoto anayeharisha anapoteza sodiamu. Maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari, na vidonge vya zinki ndiyo dawa. Dafu ni la kusubiria boti. Mgonjwa wa figo asiliguse.

Sasa naomba niseme linaloniuma zaidi kuliko majani yote mliyoyataja. Kuna chupa zinauzwa, hazina jina wala tarehe, "dawa ya baridi yabisi". Mzee anakunywa, siku ya pili magoti hayaumi, anamsifu muuzaji msikitini. Baada ya miezi namwona kliniki uso umevimba umejaa, sukari imepanda, ngozi ya mikono imekuwa nyembamba inachubuka kwa kuguswa. Hizo ni dalili za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Majani hayafanyi hivyo. Mtu amesaga vidonge akatia humo. Na mzee kama huyo akiacha ghafla anaweza kuzimia, kwa hivyo aje na chupa yake, asiitupe jalalani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba asili, sikatai, lakini kutambuliwa si ruhusa ya kuuza chupa isiyo na jina.

Nahodha Mstaafu

Hii chupa naijua. Niliwahi kuinunua... njoo usiku nikueleze, si hapa.

Mtu wa Shela

Mimi naongeza kuumika, yaani kuchanjwa ngozi na kuvutwa damu, maana hamjaitaja. Zamani ilikuwa pembe za ng'ombe, mzee anavuta hewa kwa mdomo na kuziba kwa nta. Siku hizi ni vikombe vya plastiki na pampu. Mimi huenda kwa ajili ya mgongo, mabega hulegea, nalala vizuri. Kwamba "damu chafu imetoka" sijui, damu naiona nyekundu tu kama nyengine. Sharti langu ni wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yangu, na vikombe viwe vipya au vyangu mwenyewe. Nilishafika kwa mmoja vikombe vinasuuzwa kwenye beseni moja, nikasingizia simu nikatoka.

Binti Langoni

Umefanya la maana, homa ya ini haibishi hodi. Je, yupo anayeumika wanawake? Mama anaulizia, bega.

Mtu wa Shela

Yupo mama mmoja, kazi yake safi. Ila atakuuliza kwanza kama mama anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Mama akisema ndiyo, hamgusi, wewe mrudishie huyo mwumikaji pesa zake za boti tu. Nambari siiweki hadharani, niandikie pembeni.