Walter Spies wa Bali: alifundisha au alifundishwa?

Mama wa Rangi (Katuba, Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Nina ateliye ndogo hapa Katuba, na jioni vijana wa mtaa wanakuja kujifunza kuchora. Nataka kuwaeleza maisha ya Walter Spies, yule mchoraji Mjerumani aliyehamia Bali, kisiwa cha Indonesia, mwaka 1927. Vitabu vya Kifaransa nilivyosoma vinamsifu kana kwamba yeye ndiye aliyezaa uchoraji mpya wa Bali, na hapo moyo wangu unakataa. Kwetu tumekua tukiambiwa kwamba Mfaransa Romain-Desfossés ndiye aliyewavumbua wachoraji wetu Bela, Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga alipofungua Hangar, ateliye yake ya hapa Lubumbashi, mwaka 1946, kama vile mikono yao ilikuwa imelala ikimngoja mzungu. Juzi mteja mmoja, mgeni, aliniagiza picha ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, halafu akataka niondoe vivuli, eti Mwafrika hachori kivuli. Nilimrudishia avansi yake.

Kwa hiyo nauliza: Spies aliwapa Wabali nini hasa, nao walimpa nini? Nataka jibu ambalo kijana wa miaka 15 ataliona kwa macho yake akiwekewa picha mbele.

Mwalimu wa Zamani (Kampemba)

Mama, aksanti kwa swali. Nilifundisha historia ya sanaa miaka mingi, na huyu mtu nampenda, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Anza na ujana wake, maana wengi wanauruka. Alizaliwa Moscow mwaka 1895, katika familia ya Wajerumani wenye mali. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Warusi walimpeleka uhamishoni karibu na milima ya Ural kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui. Huko akakaa na Wabashkiri, watu wa eneo lile, akazipenda nyimbo zao na maisha yao. Baada ya vita aliishi Ujerumani, akawa karibu sana na Murnau, mtengenezaji wa filamu, lakini Berlin haikumkalia moyoni. Mwaka 1923 akaenda Java. Sultani wa Yogyakarta akampa kazi ya kuongoza okestra yake ya muziki wa Kizungu, na papo hapo katika jumba la sultani Spies akaanza kujifunza gamelan, zile ala za shaba, akisikiliza na kuandika noti moja moja. Yaani miaka kabla ya kukaa Ubud, kule Bali, alikuwa tayari mwanafunzi wa watu wale.

Sasa picha. Waonyeshe vijana kwanza kitambaa cha Kamasan, mtindo wa zamani wa Bali: hadithi za kale za Kihindu, Ramayana na Mahabharata, watu wamechorwa bapa kama vikaragosi vya wayang, hakuna kivuli, hakuna nafasi tupu. Kisha mandhari ya Spies: mkulima mdogo na ng'ombe wake, mwanga unatoka nyuma ya miti, vivuli virefu vinakuja kwetu sisi watazamaji, na juu ya upeo mmoja kuna upeo mwingine, kama picha mbili au tatu zimepandana kwenye turubai moja. Halafu Anak Agung Gede Sobrat, kijana wa Ubud aliyekuwa karibu naye. Hapo utaona mwanga na miili yenye unene, na sokoni kuna watu wa kawaida badala ya miungu. Lakini majani bado yamejaza karatasi hadi pembeni, kama kwa wazee wake. Kijana wako ataona mwenyewe kipi kimetoka wapi. Na aulizwe pia: Spies alijifunza wapi kupanda matukio mengi katika picha moja? Mimi naamini kuta za mahekalu zilimfundisha.

Alichowapa bila ubishi ni karatasi, wino na wanunuzi. Mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha Pita Maha: Spies, Mholanzi Rudolf Bonnet, mtawala wa Ubud Cokorda Gede Agung Sukawati, na Gusti Nyoman Lempad. Walichagua kazi nzuri na kuzipeleka kwenye maonyesho, ili watalii wasinunue takataka. Lempad, Mama, alikuwa fundi mkubwa wa mahekalu na majumba kabla Spies hajakanyaga kisiwa. Na wachoraji wa Batuan, kijiji kingine cha Bali, wenye wino mzito na misitu ya giza, hawafanani na Spies hata kidogo. Anayemwita baba wa wote hajaitazama Batuan.

Yaya Kamalondo

Papa Mwalimu, umesema vizuri, ila usiruke jela. Mwishoni mwa 1938 Waholanzi, waliokuwa wakitawala Bali, walimkamata kwa shtaka la uhusiano wa kimwili na vijana wa kiume wasiofikia umri, akakaa ndani hadi Septemba 1939. Najua wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa inawawinda mashoga wote, na rafiki zake, mtafiti Mmarekani Margaret Mead mmoja wao, walimtetea. Lakini mimi ni mama, na neno "wasiofikia umri" silipiti. Vijana waambiwe yote mawili.

Na kifo chake pia. Ujerumani ilipoivamia Uholanzi Mei 1940, akafungwa tena, safari hii kwa sababu ya uraia wake. Januari 1942 meli Van Imhoff iliyowabeba wafungwa wa Kijerumani kutoka Sumatra ilipigwa bomu na ndege ya Kijapani. Wafungwa zaidi ya 400 walikufa, Spies akiwa na miaka 46.

Kijana wa Kenya (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Wazee wangu, mimi naongeza ya hapa nyumbani. Johannes Fabian naye ni Mjerumani, mtafiti, hakuchora, lakini mwaka 1973 na 1974 alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu hapa Lubumbashi. Tshibumba akamchorea historia ya nchi nzima, picha takriban 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu, na Fabian akarekodi. Kitabu kilipotoka mwaka 1996, maneno ya Tshibumba yalikuwamo. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi: maneno ya Lempad na Sobrat tunayasoma zaidi kupitia wageni wao.

Mama wa Rangi

Yaya, nitasema yote mawili, nakuahidi. Kijana, umenipa somo la pili. Papa Mwalimu, je, nikianza na Hangar badala ya Bali?

Mwalimu wa Zamani

Anza nayo. Bela alipaka kwa ncha za vidole, Pili Pili akachora samaki na ndege, Mwenze akajaza kila kitu kwa mistari midogo ya brashi. Mwalimu mmoja, mikono mitatu tofauti kabisa. Wakishaona hilo, wape Kamasan, Spies, Sobrat, Batuan, kwa mpangilio huo. Na mamba muntu yako yenye vivuli itundike ukutani siku hiyo, wachunguze mwanga unatoka upande gani.