Tupeane uzoefu: mambo yakichafuka, wewe imani unaishikaje hasa?

Mwanzisha uzi, Sinza:

Wadau habari za jioni. Niseme ukweli wangu, tangu ile 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, usingizi wangu haujarudi sawasawa. Siongelei siasa hapa, tafadhali msinigeuzie uzi. Naongelea ile hali ya kukaa ndani kuanzia saa 12 jioni, intaneti hakuna, unapiga simu ya kawaida kwa ndugu mmoja mmoja kuuliza mko salama, na kila ukisikia kishindo unahesabu watoto. Intaneti iliporudi ndo nikaharibika kabisa, maana kila klipu naangalia, kila grupu nasoma mpaka saa nane usiku, asubuhi nashika simu hata uso sijanawa. Kusali nasali, ila mdomo unasali, moyo uko kwenye simu.

Sasa naomba uzoefu ila kwa masharti. Usije ukaniambia "mwachie Mungu" halafu ukaondoka, hiyo nishaambiwa na kila mtu mpaka konda wa daladala. Niambie ULIFANYA nini, saa ngapi, umekaa wapi. Dini yoyote karibu.

Mchangiaji, Ubungo:

Mwachie Mungu dada, yote yatapita.

Mwanzisha uzi, Sinza:

😂😂 haya asante kaka, umesoma masharti lakini?

Fundi cherehani, Mbagala:

Salaam dada. Mimi miaka mingi sijakosa Magharibi msikitini labda niwe naumwa. Sasa zile siku hesabu mwenyewe, zuio la kutoka nje linaanza saa 12 jioni mpaka asubuhi, Magharibi Dar miezi ile inaingia saa 12 na robo hivi, Isha ni usiku, Alfajiri inaingia hata saa 11 haijafika. Yani swala tatu kati ya tano zote zimeangukia ndani ya zuio. Siku ya kwanza nikasali peke yangu chumbani kama mtu aliyefiwa. Siku ya pili mwanangu wa darasa la tano akaniuliza baba, leo nani anaadhini? Nikamwambia wewe. Akaadhini sebuleni, sauti inamkatika, akakosea katikati akarudia, mie nishaisogeza cherehani ukutani ndo tukapata nafasi ya safu, mama yake na dada zake nyuma. Tulivyomaliza hatukuinuka haraka, tukakaa na uradi, subhanallah 33, alhamdulillah 33, allahu akbar 33, yule mdogo kabisa anahesabia vifungo, kavitoa kwenye kopo langu la kazi anavihamisha kimoja kimoja toka mkeka huu kwenda mkeka huu. Kakosea hesabu mara tatu na hakuna aliyemkemea.

Hofu haikuisha dada, nisikudanganye, nje kulikuwa kimya kile kibaya. Ila kwa zile dakika 20 kila mtu mle ndani alijua akae wapi na aseme nini. Zuio lilipoisha nikarudi msikitini, lakini Isha ya Jumapili mpaka leo tunasali nyumbani na dogo ndo muadhini, sasa hivi anavuta sauti mpaka jirani kalalamika 😂

Mama wawili, Tabata:

Mimi Mkatoliki, yangu ni ya 2024, lile ghorofa la Kariakoo. Ilikuwa Jumamosi tarehe 16 Novemba, na Jumamosi kwetu ndo siku ya jumuiya, tunasali asubuhi nyumba kwa nyumba, zamu ilikuwa kwangu. Watu wameondoka, nipo naosha vikombe vya chai simu inaita, naambiwa ghorofa limeshuka na ni maeneo yaleyale mdogo wangu anakofanyia uwinga, yani kuwatafutia wenye maduka wateja. Nampigia haipatikani. Nampigia tena haipatikani. Sijui nani aliwaambia ila mwenyekiti wa jumuiya, bibi mmoja hivi mstaafu anatembea kwa fimbo, akageuzia njiani akarudi na wamama wanne.

Sikuweza kusali. Nilianza Baba Yetu nikasahau inavyoendelea, mimi niliyebatizwa mtoto mchanga. Wakaanza rozari wao, na kwa vile Jumamosi ni matendo ya furaha, jamani nililichukia hilo neno furaha siku hiyo hamjui. Mimi nimekaa chini sakafuni nimeshika punje tu, na kila wakimaliza Salamu Maria moja bibi anakichukua kidole changu anakisogeza kwenye punje inayofuata, kama mtoto anafundishwa kuhesabu. Wako kwenye tendo la nne simu ikaita, namba ngeni. Mdogo wangu. Simu yake ilidondoka watu wakikimbia, mwenyewe alikuwa ametoka kufuata mzigo mtaa wa pili.

Naomba niishie hapohapo kabla hamjaandika amina nyingi, maana mwenzake aliyekuwa anakula naye chai kila siku hakutoka. Na mama yake naye alikuwa anasali, tena kwa siku kadhaa, watu wako kwenye kifusi na wengine wanaongea na waokoaji toka huko chini. Kwa hiyo mie siwezi kusimama mbele za watu nikasema tulisali ndo maana wetu akapona. Nilimuuliza padri, akanyamaza muda mrefu kisha akasema hata yeye hilo hana jibu lake. Nikamheshimu kuliko angenihubiria. Ninachokijua ni kile kidole tu, siku nimeshindwa kabisa kuna mtu alinisogezea.

Ticha, Kimara:

Hapo kwenye kidole nimelia, na niko kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

Mimi 2020, korona. Nafundisha shule binafsi. Machi 17 shule zikafungwa, mwajiri mwezi wa kwanza akatoa nusu mshahara, uliofuata kimya. Mnakumbuka serikali ilitangaza siku tatu za maombi, Aprili 17 mpaka 19, na makanisa na misikiti haikufungwa, ila mlangoni kuna ndoo ya bomba na sabuni. Mimi wa KKKT, Mlutheri, nikawa siikosi ibada ya asubuhi ya saa 12, na si kwa utakatifu wowote, mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kupita saa moja 😅

Sasa maombi yangu yalikuwa ya jumla mno, Bwana tuvushe, Bwana tuondolee, natoka pale kichwa kizito vilevile. Siku moja nikiwa benchi la nyuma nikatoa daftari la madeni, natafuta namba ya mtu tu, nikajikuta naanza kusali kwa mistari ile. Mungu, mangi wa duka 38,000. Mungu, yule mama wa maji 6,000. Kodi miezi miwili. Ukilisema deni kwa tarakimu mbele za Mungu linakuwa dogo kidogo, sijui kwanini, au labda linakuwa na ukubwa wake halisi maana usiku lilikuwa kama mlima. Baada ya ibada nikapitia kwa mangi mwenyewe nikamwambia ukweli sina, naanza kukaanga maandazi, nipe unga kilo mbili juu ya deni. Akanipa, kanuna lakini akanipa. Shule zilifunguliwa Juni 29, deni la mangi liliisha Desemba. Ile staili ya kusali kwa daftari sijaiacha.

Boda, Temeke:

Me naleta upande wa pili msinichukie. Kuna kipindi pikipiki nipo kwa mkataba, hesabu elfu kumi kwa siku, kijiweni kukawa na matukio ya kutekwa pikipiki nikawa nimeogopa vibaya, nikapelekwa kwa nabii mmoja yupo kwenye hema, mafuta na stika ya kubandika kwenye tenki 50,000. Nikatoa. Yani hesabu ya siku tano ya bosi nimeipaka kwenye tairi. Bosi akachukua chombo chake wiki nzima. Sasa hapo nani kanitekea pikipiki 😂 kwa hiyo mtu akiwa na hofu asiende popote na hela mfukoni, ndo ushauri wangu mimi

Kilichonisaidia ni kijiwe chenyewe. Mzee wetu pale Mwislamu, akaweka utaratibu kabla ya abiria wa kwanza tunavua helmeti dua fupi, leo anaomba wa huku kesho wa kule, dakika moja haifiki. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma ziliingia wiki moja, Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, kijiwe kizima hakuna anayekula mchana mpaka mama ntilie akatuuliza mmenisusia? Jioni tunafuturu wote tende na uji wa pilipili manga, na sie wa majivu tunapanga foleni 😂😂

Mwanzisha uzi, Sinza:

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Siku ya tatu leo simu inalala jikoni ndani ya ndoo ya mchele na mfuniko juu, na ticha nimekuibia staili yako, mi sina madeni sana ila naitaja hofu kwa jina, naogopa mwanangu akichelewa kutoka tuisheni, naogopa biashara ikifungwa wiki tena. Naitaja kwa sauti nikiwa nimekaa kwenye stuli ya jikoni. Jana nikaamka saa tisa usiku, nikaenda mpaka kwenye ndoo, nikafunua, nikaishika. Nikairudisha. Leo sijui itakuwaje.

Dada wa Tabata nikuulize kama haukukwazi, yule mama wa mwenzake na mdogo wako, mnaonana?

Mama wawili, Tabata:

Naendaga Alhamisi. Hatusali dada, tunachambua mchicha tu.