Pampu mpya ya bwawa inasaga kuliko ile iliyokufa: niirudishe dukani?

MamaPacha:
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu na mabwawa ya kuogelea, maana fundi aliyenifungia pampu siku hizi ananijibu kwa mkato.

Pampu ya zamani, ya robo tatu hosipawa, beringi zilikwisha ikafa. Fundi akashauri tufunge ya hosipawa moja na nusu, "ili maji yazunguke vizuri". Tangu aiwashe amani imetoweka. Ukisimama karibu utaapa kuna kokoto zinasagwa ndani. Nikazima, nikafungua mfuniko: kikapu cha kunasa takataka ni cheupe, hata jani hakuna.

Niliyoyaona mwenyewe ni haya. Ukichungulia kupitia mfuniko, maji hayajai. Yanazunguka na povu juu. Kule yanakorudi bwawani yanatoka na viputo. Bomba la kuvuta ni lilelile la zamani, inchi moja na nusu, na kwa kuwa pampu hii ni ndefu na nafasi finyu, fundi ameweka elbo (kona ya bomba) papo hapo mdomoni mwa pampu. Usawa wa maji bwawani uko katikati ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu), hilo nimelihakikisha.

Fundi anasema "mpya zote ziko hivyo, itazoea." Jirani, ambaye dirisha lake la chumbani linatazamana na pampu, hana mpango wa kuzoea. Nirudishe nidai nyingine?

TulizaBoli:
Pole dada. Angalia kama imekaa sawasawa. Pampu ikifungwa juu ya zege bila kitu chini, mtikisiko unapita sakafuni hadi ukutani. Weka kipande cha mpira mnene chini yake, kaza boliti, kisha ijengee kiboksi cha mbao cha kuzuia sauti. Mimi nilifanya hivyo, kimya.

FundiMstaafu:
Mpira sawa. Kiboksi hapana, si sasa. Mota inapoozwa na hewa inayovutwa na feni ya nyuma. Ukiifungia bila matundu inapika beringi zake yenyewe. Na hapa utakuwa umeficha ugonjwa.

Mama Pacha, usirudishe pampu. Sauti ya beringi naijua: ni mlio mwembamba, mkali, na hauwezi kuisha kwa kugusa koki. Kapasita (kile kinachoisaidia mota kuanza) ikiwa mbovu, mota inavuma bila kuzunguka. Wewe umesema kokoto na kikapu hakina kitu. Hiyo pampu ina njaa ya maji.

Tazama hesabu. Upande wa kuvuta hatupendi maji yapite kwa kasi inayozidi mita 1.8 kwa sekunde. Kwa bomba la inchi moja na nusu hiyo ni kama lita 8,000 kwa saa na kidogo. Ile ya robo tatu ilikuwa inaridhika na kiasi hicho. Hii ya moja na nusu inataka zaidi, na bomba halina cha kuiongezea. Basi katikati ya impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, shinikizo linashuka mno, maji yanachemka bila moto, vinatokea viputo vya mvuke, halafu vikifika penye shinikizo vinapasuka kwa kishindo. Hizo ndizo kokoto zako. Ukiacha ziendelee, zinatoboatoboa impela. Kwa hiyo hilo la "itazoea" mwambie aliyekuambia kwamba kinachozoea hapo ni masikio yako.

Elbo nayo ina dhambi yake. Maji yakikata kona mdomoni mwa pampu yanaingia yamejipinda, yanapiga impela upande mmoja. Tunaacha bomba lililonyooka angalau mara tano ya kipenyo chake kabla ya pampu. Kwa bomba lako, hilo ni kama sentimita 20.

Lakini viputo vinavyofika bwawani ni habari nyingine. Vile vya mvuke havisafiri hivyo, vinafia ndani ya pampu. Hivyo vyako ni hewa, na hewa inaingia upande wa kuvuta. Huoni tone kwa sababu pale maji hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Pampu ikiwa inafanya kazi, paka povu zito la sabuni kwenye ukingo wa mfuniko na kila kiungo kabla ya pampu. Panapomeza povu, ndipo hapo. Mpira wa mfuniko ufute mchanga na uupake grisi ya silikoni. Usiupake mafuta ya kujipaka, mengine huvimbisha mpira.

Kisha jaribio la mwisho: punguza kidogo kidogo koki ya upande wa KUSUKUMA, ile inayorudisha maji bwawani. Usiguse ya kuvuta, utazidisha njaa, na wala usiifunge kabisa. Geji ya chujio (kipima shinikizo) itapanda. Isivuke kiwango kilichoandikwa kwenye chujio. Kokoto zikinyamaza, tumepata jibu.

Nanga:
Niongeze moja kabla hajaanza kuchezea koki: asimruhusu mtu yeyote majini wakati wa majaribio. Ukifunga skima na kuacha tundu moja tu la chini livute, nguvu yote ya pampu hiyo kubwa inakwenda pale. Tundu lisilo na kifuniko salama linaweza kumnasa mtoto. Na akitaka kufungua kiungo chochote, azime umeme kwenye swichi kuu.

MamaPacha:
Shikamoo FundiMstaafu. Nimepaka povu. Mfuniko mzima, ila ule muunganiko mweupe karibu na elbo ulilimeza lote. Nilipozima umeme na kuufungua, mpira wake wa ndani ulikuwa umekaa upande. Nikaunyoosha, nikakaza kwa mkono. Sasa maji yanajaa hadi mfunikoni na viputo bwawani vimeisha. Kokoto zilibaki, lakini nilipopunguza koki ya kusukuma hadi kama theluthi moja zikanyamaza, ikabaki kuvuma tu. Je, naweza kuiacha hivyo moja kwa moja?

FundiMstaafu:
Marahaba, mwanangu. Kwa sasa iache hivyo, ila ujue unalipia umeme wa hosipawa moja na nusu huku ukiisonga. Kama bomba la kuvuta linafikika bila kubomoa, badilisha liwe la inchi mbili na uondoe ile elbo mdomoni. Kama limezikwa chini ya sakafu, waulize waliokuuzia kama kuna impela ndogo ya modeli hiyo hiyo pamoja na kifuniko chake cha ndani, nyingi zinakubali.

Ukipata nafasi ya kubadilishana, chukua yenye kasi inayorekebishwa. Ya kawaida inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika kwa umeme wa hezi 50. Ukiishusha nusu, maji yanapungua nusu, lakini nguvu inayohitajika kwa hesabu inabaki moja ya nane. Itabidi izunguke saa nyingi zaidi, na hata usiku jirani hataijua kama imewashwa.

TulizaBoli:
Kiboksi changu nimeenda kukitoboa matundu.