Naomba msaada: nitofautishe vipi mchu na mlilana, mkandaa na kikandaa?

Bint Mkinga
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha akina mama tunataka kurudisha mikoko sehemu iliyokatwa kwa kuni na nguzo. Bahari inamega ufuo na inaniuma sana. Kati ya aina za mikoko, ule uitwao mkoko wenyewe naujua kwa mizizi yake ya magongo, lakini mchu na mlilana vyote vina mizizi inayochomoza topeni. Mkandaa na kikandaa ndiyo kabisa, majani naona yaleyale. Karibuni tunaokota mbegu. Niangalie nini?

Mzee wa Mtoni
Mwanangu, anza chini kabla hujatazama juu. Mizizi ya mchu ni myembamba kama penseli. Ya mlilana ni minene, chini mipana, juu imechongoka. Kisha geuza jani. La mchu lina ncha, na upande wa chini ni wa kijivu cheupe. Siku ya jua kali lilambe, utaonja chumvi, maana mti huo unaitolea majanini. Jani la mlilana ni la mviringo, kijani pande zote mbili. Matunda hayafanani hata kidogo: la mchu ni dogo na bapa, la mlilana ni duara lililokalia kikonyo chenye pembe za nyota.

Mama Kitalu
Dada, mkandaa majani yake hukaa mawilimawili yakitazamana. Ya kikandaa hupishana kwenye tawi, tena ni manene yenye maji, na nchani pana kipengo kidogo. Mkandaa ukizaa hutachanganya tena: mche wake huchipua ungali mtini, mwembamba, wenye mistari ya matuta. Kikandaa hakina mche wa kuning'inia. Ukiona mche mnene na mfupi umebeba kofia nyekundu yenye meno mengi, huo ni msinzi, aina nyingine ya mikoko.

Bint Mkinga
Asanteni sana. Sasa tupande mkoko kote? Mbegu zake ndizo nyingi.

Mzee wa Mtoni
Hapana, tafadhali. Miradi mingi imekufa hivyo. Mbele kabisa, panapopigwa na maji, ni pa mlilana. Mkoko unafuata kwenye tope laini, mkandaa ndani zaidi. Mchu unavumilia hata kule juu kwenye chumvi kali. Tazameni visiki vilivyobaki, vitawaonyesha nini kiliota wapi.

Mama Kitalu
Na mche wa mkoko msiuchume mbichi. Subirini pete ya njano itokee pale unapoungana na tunda. Ukiguswa utaachia wenyewe.