Tupeane uzoefu: uliyewahi kutafuta mizizi ya ukoo wenu Moshi, ulianzia wapi?

Mjukuu wa Kidia
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tulikuwa tunabomoa nyumba ya babu huku Old Moshi. Juu ya dari tukakuta sanduku la bati: vitabu vya malipo ya kahawa, rozari iliyokatika, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Wosia wa 1958. Ametaja watoto sita. Sisi tunawajua watano. Wa sita kaandikwa "mwanangu aliyeko Kahe", kule tambarare, basi. Baba hajui lolote. Shangazi aliposomewa alisema "acheni hayo", akaingia jikoni. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Aliyewahi kufuatilia atusaidie.

Mtu wa Kilema
Anzia kanisani. Misheni ya kwetu ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na daftari la ubatizo lina jina la mtoto, wazazi na msimamizi. Nenda siku ya kazi, na uwe na jina la ubatizo, la nyumbani halitakusaidia. Mimi nilimpata babu yangu. Kwenye nafasi ya baba yake limeandikwa neno moja: mpagani. Jina hakuna. Nilikaa kwenye benchi nusu saa nzima.

Kahawa Chungu
Kweli kabisa.

Wa Machame
Chama cha msingi cha kahawa pia wana daftari za wanachama. KNCU, ushirika wetu wa kahawa Kilimanjaro, ni ya 1933, na namba ya babu ilirithiwa na mtoto. Ukiona namba imehamia kwa jina usilolijua, uliza.

Mzee wa Baraza
Kijana, angalia mashahidi kwanza. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Usije ukafufua ugomvi wa kihamba, shamba la ukoo.

Binti wa Majengo
Mzee, kwa heshima, huo utaratibu ulitangazwa 1963, na huu ni wosia wa maandishi wa 1958. Halafu hapa hajaomba kihamba, anatafuta ndugu!

Mzee wa Baraza
Leo ndugu, kesho migomba. Nimekaa vikao vingi vya ukoo, naongea nilichokiona.

Binti wa Uru
Hiyo "acheni hayo" imenitonesha kidonda.

Siku tunamzika baba, vijana walichimba kaburi karibu na mgomba wa mchare, mahali alipopachagua mwenyewe. Futi ya tatu, sururu ikagonga kitu. Mmoja aliruka nje na hakurudi tena shimoni. Ilikuwa mifupa ya mtu, na shanga za buluu zimetawanyika penye shingo. Waombolezaji wamejaa uani, jeneza liko njiani kutoka mochwari, mchungaji anauliza kulikoni. Hakuna aliyejua, hata baba mkubwa.

Akaletwa bibi jirani na mkongojo wake. Akaokota shanga moja, akaifuta udongo kwa kidole gumba, akakaa chini kwenye majani ya migomba na kulia kama msiba ni wa jana. Ndipo akasema: huyu ni mke wa kwanza wa babu yenu. Alifia kwenye uzazi. Mtoto alipona, wajomba wakamchukua Rombo, na babu alipooa tena ikawa marufuku kumtaja.

Pale palikuwa na isale, ule mmea wa mila yetu Wachagga. Tulilikata sisi, tukidai linabana kahawa. Panga nilishika mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulimfunika mama yule vizuri, baba tukamchimbia kwingine. Miezi minne baadaye tukampata yule mtoto, bibi mzima sasa, sura ya baba tupu, hata kukohoa kwake. Alituuliza swali moja: "Mama yangu mlimlaza wapi?"

Kahawa Chungu
Dada, pole sana. Nimelia ofisini.

Wa Machame
Ila isale ni alama ya mpaka jamani, si kaburi.

Mtu wa Kilema
Ni mpaka, ni kaburi, ni msamaha. Muulize mama yako.

Dereva wa Marangu
Mlilipanda upya?

Binti wa Uru
Alilipanda yule bibi wa Rombo mwenyewe, kwa mikono yake.

Mzee wa Baraza
Kwa hili nanyamaza. Mangi Meli, mtawala wetu, alinyongwa na Wajerumani hapo Old Moshi mwaka 1900, na mpaka leo watu wanakitafuta kichwa chake Ujerumani. Mfu asiye na mahali hatulii. Kijana, nenda Kahe.

Dereva wa Marangu
Asiende Kahe kabla ya kuzungumza na shangazi. Wanawake ndio wanaojua nani alizaliwa wapi. Na aende na kilo mbili za sukari.

Binti wa Majengo
Tatu. Na asimrekodi kwa simu, atafunga mdomo.

Mjukuu wa Kidia
Shangazi kanipigia sasa hivi. Kauliza kama ile karatasi bado ninayo. Nimemjibu ninayo. Kasema niipeleke kesho asubuhi, mimi peke yangu, baba asijue.

Binti wa Uru
Nenda mdogo wangu. Utupe mrejesho.